Mikono ya Mtu Mwingine

Siku fundi alipomwona mdogo wake, alikuwa amekwenda kutengeneza friji.

Fundi huyu ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kupandisha kompresa ngazini. Wateja humwita Mama Baridi. Jina lilianza kama mzaha wa muuza samaki mmoja, likasambaa, na sasa hata mashemeji zake humwita hivyo. Asubuhi hiyo alikuwa ameitwa kwenye mgahawa unaotazamana na jumba la kaburi la mtawala wa zamani. Friji la mgahawa lilikuwa limeanza kutoa maji badala ya baridi. Alikuta bomba dogo la nyuma limetoboka, akaliziba, akajaza gesi, kisha akamwambia mwenye mgahawa kwamba iliyobaki ni kungoja lipoe, na asiwe analifungua kila dakika kulichungulia kama mtoto mchanga.

Yeye mwenyewe hakuwa na la kufanya wakati akingoja, akavuka barabara.

Jumba lile alilijua tangu shuleni. Lilikuwa la matofali mekundu, pande nne sawasawa, na kuba juu yake lenye vigae vya kijani ambavyo vingine vilikwisha kudondoka. Kila mtu mjini alilijua hivyo hivyo, kwa kupita. Kilichokuwa kigeni kwake ni bustani. Miaka michache nyuma manispaa ilikuwa imewaalika wasanii waijaze kazi zao. Sasa kulikuwa na ndege wa vyuma chakavu, ukuta mrefu wa vigae vilivyovunjwavunjwa na kupangwa upya mpaka vikafanya picha ya soko, na kwenye majani karibu na mlango wa kaburi, kundi la watu wa saruji iliyopakwa rangi ya shaba. Kibao kilisema hao ni wajenzi wa jumba. Mwanamke mmoja alibeba ndoo ya udongo, mzee mmoja alivuta kamba, na wanaume watatu walikuwa wameinua jiwe, magoti yamekunjika kwa uzito.

Wa katikati kati ya hao watatu alikuwa mdogo wake.

Alisogea akamtazama kwa mbele, akaenda ubavuni, akarudi mbele. Pua ilikuwa ile iliyopinda kidogo kushoto. Mdomo ulikuwa umebanwa vile alivyoubana kila alipokuwa anazuia kicheko mbele ya watu wazima. Akakaa kwenye ukingo wa maua, mkoba wa vifaa mapajani, mpaka mwenye mgahawa akatuma mtu kumwita kwamba friji limepoa.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba. Nyumbani aliitwa Kijiko, kwa sababu utotoni alitembea na kijiko mfukoni ili asipitwe na chakula cha jirani yeyote. Alikua akawa fundi wa kuchomelea vyuma, hodari na mtundu, mwenye maneno mengi kuliko kazi, ingawa kazi nayo hakuiacha. Kisha akapata ajira kwenye mgodi wa mbali. Miaka mitatu iliyopita njia moja ya chini iliporomoka ikiwa na watu. Walitafutwa, na walipokosekana shimo likafungwa, na waliomo wakabaki humo. Kijiko alikuwa mmoja wao.

Matanga yalikaliwa kwa baba mdogo. Mama yao alihudhuria, akakaa miongoni mwa wanawake kama mtu aliyekuja kuwapa pole wengine. Tangu hapo, kila aliyemuuliza habari za mwanawe alijibiwa neno moja: hajarudi. Alilisema bila machozi na bila ukali, kama unavyosema habari za mtu uliyemtuma dukani. Kitanda cha Kijiko kiliendelea kubadilishwa shuka kila wiki. Mama Baridi aliwahi kujaribu kulizungumzia jambo hilo, mama yake akamuuliza kama ameshakula. Hakujaribu tena.

Jioni ya siku ile ya friji alimweleza mumewe. Mumewe ni kinyozi, mtu wa maneno machache ajabu kwa kazi yake. Alisema watu hufanana, na macho ya mtu mwenye msiba huona anachokitafuta. Lakini kesho yake alifunga kibanda chake cha kunyolea mapema akaenda naye bustanini, na badala ya kutazama uso akazunguka nyuma. Alisimama huko muda mrefu mpaka mkewe akamfuata.

"Hiki kisogo nimekinyoa mimi," alisema. "Hiki kinundu hapa kilikuwa kinanisumbua kila mara."

Kisha akavua kofia yake, akabaki nayo mkononi mpaka walipotoka getini.

Swali likawa moja tu, kama mama aambiwe au asiambiwe. Baba mdogo aliposhirikishwa hakuafiki. Alisema sanamu haina roho, mama yao ameshachagua namna yake ya kuishi na msiba, na si vizuri kumtonesha kidonda kwa ajili ya saruji. Mama Baridi aliona kwamba kwa upande mmoja baba mdogo hakukosea. Kwa upande wa pili alijiuliza ingekuwaje mama aambiwe na mtu wa kando, kwenye foleni ya mboga, kwamba mwanao nimemwona amesimama bustanini. Jambo hilo lilimsumbua siku kadhaa. Alikuwa akifungua friji za watu na kusahau amefungua kwa sababu gani. Mwishowe akapiga moyo konde.

Alimkuta mama yake akikunja nguo. Mama huyo alifanya kazi ya udobi hospitalini mpaka akastaafu, na hadi leo hakuna shuka nyumbani mwake ambayo pembe zake hazikukutana sawasawa. Mama Baridi alishika pembe mbili, mama akashika mbili, na wakiwa wanakunja akamweleza yote bila kupamba: bustani, watu wa saruji, pua, kisogo.

Mama alimaliza kukunja. Aliiweka shuka juu ya zilizokwisha kukunjwa, akaibonyeza kwa kiganja.

"Amesimama au amekaa?" aliuliza.

"Amesimama. Wameinua jiwe, yeye na wenzake wawili."

"Jiwe zito?"

"Linaonekana zito, mama."

"Hakupenda kubeba vitu vizito, huyo," mama alisema, akachukua shuka nyingine.

Mama Baridi alidhani mambo yameishia hapo. Lakini alipoaga, mama alimwambia kwamba Jumapili hana shughuli, na kama yupo wa kumpeleka, yeye atakuwa tayari asubuhi.

Walikwenda watatu, Mama Baridi, mama na kinyozi. Mama alivaa gauni la kijani, lile la kwendea kwa watu anaowaheshimu, na njiani hakuzungumzia lolote la maana. Aliulizia bei ya rangi ya milango, akalaumu majirani wanaofuga mbwa bila kumfunga. Walipofika Mama Baridi alitaka kumpeleka moja kwa moja kwa wajenzi, maana ndio waliowaleta, ila mama alikataa. Alisema huingii uani kwa mtu ukaanza kuzungukazunguka kabla hujamsalimu mwenye nyumba. Kwa hiyo walianzia kaburini.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya chokaa. Mwanga uliingia kwa madirisha madogo chini ya kuba, ukaanguka sakafuni vipande vipande. Katikati palikuwa na makaburi mawili ya mawe yaliyochongwa maua, la mtawala na la mkewe, moja refu kuliko la pili. Kinyozi alinong'ona kwamba hata huku mwanamume amejitengea kitanda kikubwa, Mama Baridi akamfinya. Msichana aliyeongoza wageni aliwaeleza nani alijenga, mawe yalitoka wapi, na namna kuba lilivyosimama bila nguzo hata moja. Mama alisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, akitazama juu kila alipoambiwa atazame juu.

Kisha yule msichana akaeleza kwamba mawe wanayoyaona ni alama tu. Maiti zenyewe ziko kwenye chumba kilicho chini ya sakafu, na mlango wa chumba hicho ulizibwa siku ya mazishi na haujafunguliwa tena.

Mama aliuliza watu wanajuaje basi kwamba wamo.

Msichana alikiri kwamba hakuna aliyewahi kuwaona. Wanajua kwa yaliyoandikwa ukutani, na kwa kuambiwa na waliowatangulia.

"Na mnakuja kuwasalimu hapa hapa juu," mama alisema.

"Ndiyo, bibi. Kila siku watu wanakuja."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alisogea karibu na lile kaburi fupi, akasema jambo kwa sauti ya chini ambalo wenzake hawakulisikia, akatoka nje.

Kwenye majani walimwacha atangulie. Hakuanza na wa katikati. Alimwangalia kwanza mwanamke wa ndoo, akasema huyu naye kesho mgongo utamuuma, haibebwi hivyo. Alimwangalia mzee wa kamba. Ndipo akasogea mbele ya wale watatu na kusimama.

Alimtazama mwanawe kitambo kirefu. Aliinua mkono akamgusa shavu kwa mgongo wa vidole, kama unavyompima mtoto homa. Mama Baridi akageuza uso akaangalia ndege wa vyuma.

Kisha mama akasema, "Mikono si yake."

Walisogea, naye akawaonyesha. Uso, alisema, ni wa mwanawe, hilo hana ubishi nalo. Masikio pia. Lakini Kijiko alikuwa na vidole virefu vyembamba, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunyooka tena tangu alipokibana mlangoni. Mikono hii iliyoshika jiwe ilikuwa mifupi, minene, yenye viganja kama sahani. Mabega nayo yalikuwa ya mtu mwingine. Aliongea kwa utulivu, ila alikuwa ameshauondoa mkono wake kwenye lile shavu. Alisema labda aliyetengeneza alimwona mtu wa kufanana naye. Alisema labda warudi nyumbani, jua linapanda.

Mama Baridi alihisi hasira ikimpanda na hakujua anamkasirikia nani. Alianza kueleza kwamba wasanii hawapimi kila kidole. Mama alimkata kauli: aliyepima pua mpaka ikapinda panapostahili, hawezi kushindwa na kidole.

"Mikono ni yangu," mtu alisema nyuma yao.

Alikuwa mwanamume anayeanza kuzeeka, mfupi, mpana, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa ameketi kwenye benchi tangu walipofika na hawakumtilia maanani. Aliomba radhi kwa kuingilia maneno ya watu, akasema yeye ana bucha mtaa wa pili kutoka hapo, akanyoosha mikono yake kama shahidi. Kinyozi aliangalia viganja vile, akaangalia vya saruji, akakubali kwamba ni shilingi kwa ya pili.

Mwenye bucha aliwasimulia ilivyokuwa. Msanii alipopewa kazi na manispaa alipanga banda lililo nyuma ya bucha. Watu wa saruji husimama juu ya mifupa ya nondo, kwa hiyo alihitaji fundi wa kuchomelea, akampata kijana mmoja aliyekuwa akija jioni baada ya shughuli zake. Vyuma vyote vilivyo ndani ya wale watano vilichomelewa na kijana huyo. Msanii akaupenda uso wake. Ila mwili wake, mwenye bucha alisema huku akimwomba mama samahani, ulikuwa mwili wa kuinua sufuria, sio jiwe. Ndipo yeye akaitwa kuazima mabega na mikono. Walisimama kwa zamu jioni nyingi, mmoja kuanzia shingoni kwenda juu, mwenzake kuanzia shingoni kwenda chini.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Alimwambia aendelee.

Akasimulia siku uso ulipochukuliwa. Kijana alipakwa plasta usoni kote, akaachiwa mirija miwili puani ya kupumulia, na sharti lilikuwa moja, asicheke. Mara ya kwanza alicheka kabla plasta haijakauka. Mara ya pili alijikaza mpaka karibu na mwisho, mtu akapiga chafya bandani, plasta ikapasuka shavuni. Msanii alitaka kumfukuza. Mara ya tatu ndipo walipoipata sura, na ndiyo maana mdomo umebanwa vile. Hapo alikuwa anajizuia. Mwenye bucha alikuwa akicheka mwenyewe akisimulia, na mama naye alianza kutabasamu, maana mdomo ule aliujua tangu ukiwa hauna meno. Mwenye bucha alisema kijana yule hakuwahi kunyamaza ila siku za plasta. Alimsimulia habari za nyumbani kwao mpaka yeye akajua nani hapendi vitunguu. Alikuwa amepanga asimwambie mama yake neno. Sanamu zikishasimamishwa angemleta bustanini kama watu wanaotembea tu, amwache agundue mwenyewe. Halafu kazi ya mgodini ikatokea kabla saruji haijakauka, akaondoka.

"Nami kila Jumapili nikipita hapa namtania, namwambia umeniachia jiwe peke yangu," mwenye bucha alisema. "Hajambo lakini? Bado yuko huko huko?"

Mama Baridi alifungua mdomo. Swali hilo alikuwa ameshalijibu mara nyingi kwa niaba ya mama yake, kwa maneno ya kuzungukazunguka, ili mama asilazimike kusema lolote. Mumewe akamshika kiwiko.

Mama alimtazama mwenye bucha usoni.

"Alikufa, baba," alisema. "Mgodi uliwaangukia. Miaka mitatu sasa."

Upepo ulikuwa umetulia na sauti za watoto zilisikika kutoka upande wa ule ukuta wa vigae. Mama akasema tena, "Alikufa," kwa sauti ile ile, kana kwamba ameulizwa mara ya pili. Mama Baridi hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mama yake. Alikuwa ameliogopa miaka yote hiyo, akidhani siku litakapotoka litatoka na kitu kingine, ugonjwa au kuanguka. Lilitoka kama neno lolote.

Mwenye bucha ndiye aliyeishiwa nguvu. Alikaa pembeni mwa benchi, akaziba uso kwa ile mikono yake, akaanza kulia. Alisema hakujua, alisema jamani hakujua, angejua angekuja kuhani. Mama alimsogelea. Alimwekea mkono mgongoni akampa pole, kama alivyowapa wengine siku za matanga: pole baba, jikaze, ndivyo ilivyokuwa. Na akiwa katikati ya pole hizo sauti ikamkatika, machozi yakaanza kumtoka yeye. Hakuyafuta. Yalimshuka mpaka kwenye kola ya gauni la kijani.

Kinyozi akaenda kutazama picha ya soko. Mama Baridi akakaa upande wa pili wa mama yake, akamshika mkono. Wageni walipita wakipiga picha sanamu na hakuna aliyewauliza kitu.

Walipotulia, mwenye bucha aliuliza alizikwa wapi. Mama alimwambia amebaki humo humo, shimo lilifungwa. Mwenye bucha alisema basi naye akipita Jumapili atamsalimia kwa namna nyingine. Mama alisema hapana, aendelee kumtania. Akianza kumnyenyekea sasa, marehemu atashangaa.

Siku hiyo mama alilala mchana kutwa, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa. Wiki hiyo hiyo aliondoa shuka kwenye kitanda cha Kijiko na hakutandika nyingine. Alimwita mkwewe aje akifungue, kikapelekwa kwa jirani ambaye binti yake alikuwa karibu kujifungua. Nguo alizifua zote kwanza, ingawa zilikuwa safi, akazikunja, akazigawa. Koti moja la kazi lenye vitobo vya cheche alimpa Mama Baridi, akasema litamfaa siku za mvua.

Baba mdogo alikuja kuzungumza. Alikuwa amesikia habari za bustani na alikuja amejiandaa kulaumu. Alikuta chumba kiko wazi, madirisha wazi, na mama akafungua mazungumzo kwa kusema marehemu mwanangu, akiwa anamimina chai. Baba mdogo alikaa, akanywa, akaondoka bila kulaumu mtu. Baadaye Mama Baridi alisikia kutoka kwa mwenye bucha kwamba mzee mmoja mrefu mwenye kofia alikuja peke yake siku ya kazi, akasimama mbele ya wale watatu, akaangalia kushoto na kulia kuhakikisha hakuna mtu, akampigapiga wa katikati begani. Hilo Mama Baridi hakumwambia mama. Kila mmoja na siri yake ndogo.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Zipo siku mama hafungui mlango, na siku hizo Mama Baridi humwachia mboga dirishani na kuondoka. Lakini kama mara moja kwa mwezi mama huenda bustanini. Huanza kwa mwenye nyumba, akishatoka huko hukaa kwenye benchi, na mwenye bucha hufika na mkewe, mwanamke mcheshi ambaye sasa yeye na mama wamekuwa mashoga. Nyama mama hununua kwake, na humlalamikia kwamba anapenda kupima mifupa.

Siku hizi wanabishania miguu. Siku moja mama aliinama akaichunguza, akatangaza kwamba vidole vile vya mguu ni vya Kijiko, kidole cha pili kimezidi gumba kama chake mwenyewe. Mwenye bucha alisema haiwezekani, kila kitu kutoka shingoni kwenda chini ni chake, akavua kiatu pale pale kuthibitisha. Mkewe alisema havifanani hata kidogo. Kinyozi alikataa kutoa hukumu, akasema yeye ni mtu wa vichwa. Msanii mwenyewe alishahamia mji mwingine, na mpaka sasa hakuna aliyependekeza apigiwe simu.